Wakwe Katika Chumba Kimoja

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlima Rungwe kama mtu aliyekuja kuhani msiba akakosa la kusema. Ambwene Mwakyoma alipofika kituoni aliwakuta mafundi wenzake wamesimama nje ya ukumbi wa mashine, mikono mifukoni, wakimsikiliza Kibona, mkuu wa zamu.

"Mto umebaki wa kuoshea miguu," Kibona alikuwa akisema. "Mtambo mmoja wa umeme umesimama, wa pili unazunguka kwa huruma ya Mungu. Wakubwa wameamua nusu ya mashine zizimwe. Kuanzia sasa, familia moja, chumba kimoja."

"Na familia isiyotaka?" aliuliza fundi mmoja.

"Isiyotaka ichague nani alazwe."

Kulazwa lilikuwa neno la pale kituoni, nalo lilikuwa la upole kuliko jambo lenyewe. Mgeni aliyelazwa alinakiliwa kwenye diski, akafungiwa kabatini, na jamaa zake wakaambiwa ataamshwa mvua zikirudi. Mafundi walijua zaidi. Wachache waliowahi kuamshwa walirudi wakiwa watu wa kuitikia salamu tu. Ukiwauliza jina la mama yao, walikujibu kwa adabu kwamba hawajambo.

Wageni walikuwa wafu. Miaka hiyo, katika nchi yote ile ya milima, mtu aliyekuwa mahututi alivalishwa kofia yenye nyaya, na kabla hajakata roho kumbukumbu zake, sauti yake na namna yake ya kukasirika vilikuwa vimekwisha pelekwa kituoni, vikawekwa ndani ya mashine zinazopozwa na baridi ya mlima. Mwili ulizikwa mgombani kama zamani. Watu walilala matanga kama zamani. Lakini matanga yakishaanuliwa mtu alipanda mlimani, akaingia katika kibanda cha kuongelea, akavaa visikizi na kusema, "Mama, nimekuja," naye mama akamwuliza mbona amechelewa.

Ambwene alikuwa na wageni wawili. Wa kwanza mkewe, Tusajigwe, aliyekufa kwa homa ya mapafu. Wa pili baba yake, mzee Angolwisye, ambaye alimfuata mkamwana wake kabla ya majira ya mvua kugeuka.

Kibona alimvuta kando wenzake walipotawanyika. "Wewe una afadhali," alisema. "Baba na mke. Wenzako wana wajomba waliokufa wakigombania mashamba."

"Ni wakwe, Kibona."

"Wakwe ndio nini? Si wote wako?"

"Baba hajawahi kuuona uso wa mke wangu. Wala mke wangu hajawahi kuzungumza naye."

Kibona, ambaye alikuwa Mndali wa Ileje, aliachia kicheko. "Aa, nyie Wanyakyusa! Mpaka kufa kwenu mnapishana njiani?" Kisha akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamfia. "Samahani, kaka. Ila amri haina kabila. Ijumaa nataka chumba kimoja kiwe kimefutwa. Ukishindwa, nitatuma mtu mwingine alaze mmoja, na huyo hatauliza yupi."

*

Hapo zamani, kabla Ambwene hajaajiriwa, wageni wote waliwekwa katika mtandao mmoja kama wanafunzi wa bweni. Anwani ziligongana. Bibi mmoja wa Masoko alizungumza na mwanawe kwa majuma, akamsamehe makosa yake yote, kumbe aliyekuwa akimwitikia ni mgeni mwingine, kijana wa watu kutoka Kyela aliyeona haya kumkatiza.

Ndipo mafundi walipoanza kugawa vyumba. Mashine ya Linux haihitaji kuta za matofali. Unaiambia tu kwamba mgeni huyu awe na mtandao wake mwenyewe, na tangu hapo mgeni huyo ana anwani zake, njia zake na milango yake, asijue kwamba ndani ya mashine ileile wanaishi wengine. Chumba kipya huzaliwa kikiwa kitupu na kiza. Fundi huchukua waya wa ncha mbili, waya usio wa shaba bali wa maandishi matupu, ncha moja akaibakiza nje kwa mashine mwenyeji na ya pili akaisukuma ndani. Akaiwasha, akaipa anwani, akamwonyesha mgeni njia ya kutokea.

Lakini kabla ya yote hayo huwasha kitanzi. Mgeni si kitu kimoja: kumbukumbu ni programu yake, ulimi ni programu yake, hofu nayo yake, na zote huulizana kupitia kitanzi, njia inayotoka chumbani na kurudi chumbani humohumo bila kugusa nje. Kitanzi kikiwa kimezimwa mgeni yupo, ila hajisikii. Milango ya kitanzi haikuwahi kuwekewa kufuli, kwa sababu tangu mwanzo ilidhaniwa kwamba mtu hana haja ya kujifungia mwenyewe.

Ambwene aliielewa kazi hiyo upesi kuliko wenzake waliosoma mbali, na hakujiona mwerevu kwa hilo. Alikuwa ameiona nyumbani. Katika ua wao, kwa mila ya mkwe na mkamwana kutoonana, baba yake alipita njia ya mbele, na Tusajigwe njia ya nyuma, katikati ya migomba. Mzee alikohoa kabla ya kukata kona ya nyumba. Tusajigwe akisikia, alijifunika khanga na kugeukia ukutani, au aliteremka mtaroni hata kama ana ndoo ya maji kichwani, mpaka mkwe apite. Majirani walikuwa wameyaacha mambo hayo zamani, wakayaita ushamba. Nyumba ya mzee Angolwisye haikuyaacha. Miaka yote ya ndoa watu wawili walikula kutoka chungu kimoja, wakalia misiba ileile, na hakuna aliyekanyaga kivuli cha mwenzake.

*

Subilaga, dada yake, alipanda mlimani kesho yake akiwa na viatu vya shamba la chai, matope hadi magotini. Alikuwa ameshasikia. Walisimama chini ya baraza ya kituo, mvua ya rasharasha ikiwapiga usoni, mvua isiyotosha hata kuujaza mto.

"Tata asilazwe," alisema kabla ya salamu, akimtaja baba yao.

"Na Tusajigwe?"

Subilaga aliangalia pembeni. "Wifi yangu nilimpenda. Unajua. Nilimwosha kwa mikono yangu hii. Lakini mke ni mke, Ambwene. Baba hapatikani mara mbili."

"Na yeye atapatikana wapi mara ya pili?"

"Basi waweke pamoja kama hao wakubwa wanavyotaka!" Alisema kwa hasira, halafu akaziba mdomo kama aliyetukana kanisani. "Hapana. Usithubutu. Mkamwana alale chumba kimoja na mkwewe? Watu watasema nini? Tata mwenyewe atasema nini?"

"Hao watu hawatajua."

"Wao watajua. Hao wawili ndio watu."

Alimshika mkono, akaubana kama alivyokuwa akiubana walipokuwa watoto wakivuka daraja la miti. "Mimi sina mwingine wa kumwuliza mambo," alisema. "Jumapili nikitoka kanisani nakuja kumwuliza tata hata bei ya ndizi. Mwanamke mzima. Usininyime."

*

Kibandani, Ambwene alivaa visikizi na kuita chumba cha mkewe.

"Umekula?" Tusajigwe aliuliza.

"Nimekula."

"Mwongo. Sauti ya mtu aliyekula naijua. Umekula nini?"

"Chai."

"Chai si chakula. Chai ni maji yaliyokasirika." Alicheka kile kicheko chake kifupi. Kisha akaacha mzaha, maana alikuwa amemjua mumewe kwa muda mrefu. "Sema. Kuna nini?"

Alimweleza yote, mto, mashine, amri. Hakumficha kitu isipokuwa ile nusu saa aliyokaa nje ya kibanda akishindwa kuingia.

"Na mwenzangu wa chumba ndiye baba mkwe," alisema Tusajigwe taratibu.

"Ndiye."

"Nilaze mimi."

"Tusa."

"Sikiliza, mwenzangu. Mimi na baba yako hatukuwahi kugombana hata siku moja. Wangapi wanaweza kusema hivyo kwa wakwe zao? Ile kupishana ndiyo iliyokuwa maongezi yetu. Leo unipeleke nikae mbele yake kichwa wazi, nianze kumwambia nini? Nilaze tu."

"Ukilazwa hutarudi wewe."

"Najua. Wewe ndiye uliyeniambia, ulikuwa unatoka kazini unalia." Sauti yake ilishuka. "Naogopa, usidhani siogopi. Lakini kuna vitu nikivipoteza, hata nikibaki sijabaki."

Alipomwita baba yake, mzee alipokea salamu kwa "ndaga" nzito, ahsante ya kwao, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Jambo hili halina maneno mengi," mzee alisema. "Mimi nimeishi. Nilaze."

"Tata, Subilaga hatakubali."

"Subilaga alikataa hata kuzaliwa, mama yako alihangaika siku nzima. Utamzoea." Alikohoa, ingawa hakuwa tena na kifua. "Yule mtoto wa watu alinipisha miaka yote. Sitaki kuja kumzibia njia mwishoni."

Ambwene alitoka kibandani akiwa na majibu mawili yanayofanana, na hayo yalikuwa mabaya kuliko kama wangegombana. Kila mmoja alikuwa amempa ruhusa ya kumuua yeye badala ya mwenzake, na kwa adabu kamili.

*

Ijumaa mchana alifanya alichoona kinafaa.

Hakumlaza yeyote. Aliwahamisha wote wawili katika chumba kimoja, akafuta cha pili, na jina la chumba kilichofutwa likatoweka kwenye orodha ya Kibona kama ilivyoamriwa. Lakini ndani ya chumba kile kimoja alijenga kile ambacho mama yake angekiita kiambaza. Alimpa kila mgeni anwani yake na waya wake wa kutokea. Kisha akaandika sheria: kitokacho kwa baba kwenda kwa mkamwana, kitupwe, kitokacho kwa mkamwana kwenda kwa baba, kitupwe. Juu ya sheria hizo aliandika ile ambayo kila fundi huiandika kwanza bila kufikiri, kama mtu anavyojifuta miguu mlangoni: kipitacho kwenye kitanzi, kipite.

Alijaribu. Akaweka sikio kwenye waya wa baba. Hakuna neno la Tusajigwe lililopita. Akaweka sikio kwenye waya wa Tusajigwe. Hakuna neno la mzee. Alimwita mkewe.

"Tayari?" Tusajigwe aliuliza. "Nilikuwa nakusubiri uje unilaze."

"Halazwi mtu. Nimepata nafasi mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali. Kazi ya ufundi, huwezi kuelewa."

"Haya, fundi," alisema, na furaha iliyokuwa katika sauti yake ilimchoma Ambwene kidogo, ila si kiasi cha kumfanya aseme kweli. Ambwene alimwambia baba yake uongo huohuo. Subilaga alipopigiwa simu alishukuru Mungu, akashukuru na mashine.

Jioni Kibona alimpigapiga begani. "Nani umemlaza?"

"Wako pamoja."

Kibona alimtazama, asicheke safari hii. "Wamekubali?"

"Hawajui. Nimeweka ukuta kati yao."

"Ndani ya chumba kimoja?" Kibona alikuna kidevu. "Basi omba ukuta uwe mrefu."

*

Siku chache zikapita. Ambwene alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mkewe, akaanza hata kupika. Halafu Jumatatu, katikati ya maongezi ya ng'ombe na mvua, baba yake akamwuliza:

"Yule mtoto mlikuwa mmempa jina gani?"

"Mtoto gani, tata?"

"Yule wa kike. Aliyefika mwezi wa sita tumboni akarudi."

Ambwene alihisi baridi ya kibanda ikimpanda miguuni. Mtoto yule alizikwa na watu wawili tu, yeye na Tusajigwe, nyuma ya hospitali ya mbali walikokuwa wamekwenda kwa matibabu. Tusajigwe alikuwa amemwapisha Ambwene asiseme. Hakuna ndugu, hakuna jirani, hata Subilaga hakuwahi kujua.

"Nani amekwambia, tata?"

"Sijui," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea. "Lipo tu. Linakuja kama langu. Nakaa, ghafla namlilia mtoto ambaye sikumbeba. Nilidhani ni uzee wa humu ndani."

Ambwene alikimbilia mezani pake. Safari hii hakuweka sikio kwenye nyaya. Aliliweka kwenye kitanzi, akaamuru kila kipitacho kihifadhiwe katika faili apate kukichunguza.

Sauti zilikuwa mbili. Hazikuwa zikizungumza. Zilikuwa zikifikiri, moja juu ya nyingine, kama watu wawili waliofunikwa shuka moja usingizini.

Aliliona kosa lake papo hapo, na kilichomwumiza zaidi ni kwamba lilikuwa dogo hivyo. Sheria za mashine husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayokubali humaliza shauri. Na anwani mbili zikiwa ndani ya chumba kimoja, mazungumzo yao hayatoki hata kidogo kwenye waya. Mashine huona hakuna haja, huyapitisha kwenye kitanzi. Kitanzi kilikuwa kimeruhusiwa mstari wa kwanza. Sheria zake za adabu zilikaa chini yake, hazikusomwa hata mara moja. Alikuwa amefikiria nyuso na sauti, mambo ambayo nyumbani kwao mtu huyafunika. Hakufikiria kwamba humo chumbani watu wale hawakuwa na nyuso. Walikuwa na mawazo tu, na hayo ndiyo aliyoyaacha wazi.

Alimwita mkewe. Hakumwuliza kama amekula, wala yeye hakuuliza.

"Umeniweka naye," Tusajigwe alisema.

"Tusa, niliweka ukuta."

"Nilidhani naharibika. Nilikuwa naota ng'ombe ambao siwajui, mmoja ana pembe iliyovunjika. Naamka najikuta namwonea uchungu mtu fulani mwembamba anayetembea barabarani amebeba begi, anakwenda shule, na mimi nimesimama nyuma ya migomba sitaki anione nalia. Mpaka nikaijua ile sare ya shule. Ulikuwa wewe." Alivuta pumzi ambayo hakuwa nayo. "Ndipo nikajua niko ndani ya nani."

"Nisamehe."

"Kwamba nimemsikia, hilo ningelibeba. Nimegundua hata kile kikohozi. Kumbe alikuwa anaanzia mbali makusudi, nisije nikakurupuka nikamwaga maji. Mimi miaka yote nilidhani ana kifua. Lakini yeye amenisikia mimi, Ambwene. Kwa yule mtoto. Hapo nilikuwa nimejifungia peke yangu. Hata wewe nilikuwa sikufungulii kila siku. Nilaze leo."

"Nipe mpaka kesho. Nitaongea na Kibona, nitatafuta mashine, nitaiba nafasi, nitafanya lolote."

"Nimekuambia mwanzoni ukaniona sielewi ufundi. Nilaze, tafadhali. Kila ninachofikiri sasa hivi anakisikia. Hata hili. Unajua aibu yake?"

Kibona hakuwa na mashine. Walizunguka ukumbi mzima pamoja, safu kwa safu, wakigusa vyuma kama watu wanaotafuta ng'ombe aliye mgonjwa. Zilizobaki zilikuwa zimejaa pomoni. "Mtambo ukibeba chumba kimoja zaidi unasimama," Kibona alisema, "na ukisimama wanakufa wote, wako na wa watu. Siwezi, kaka. Ningeweza ningekupa."

Ilibaki kuchagua. Ambwene alirudi kibandani kumwambia baba yake kwamba atamlaza Tusajigwe kama alivyoomba, au labda kumwomba yeye, hakuwa na hakika yupi. Aliamini kwamba mdomo utachagua ukifika hapo.

"Usiseme," mzee alimwahi. "Nimeshasikia anachotaka. Nimekisikia kabla yako."

"Tata, mimi ndiye niliyekosea."

"Umekosea, ndiyo. Ulitaka kutubakiza wote. Kosa la mtu mwenye njaa." Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko siku nyingi. "Usimlaze. Usiguse kitu. Niachie mimi."

"Utafanya nini? Mgeni hana cha kufanya humo."

"Ambwene, nenda nyumbani ukapike. Mwanamke huyu anasumbuka kutwa kwamba huli."

Hakusema neno jingine, hata alipoitwa.

*

Asubuhi, chumba kilikuwa na mgeni mmoja.

Programu za mzee zote zilikuwa hai. Kumbukumbu ilikuwapo, ulimi ulikuwapo, hofu ilikuwapo, kila moja imekaa mlangoni pake ikisubiri kuulizwa. Hakuna iliyoiuliza nyingine. Kutoka kwenye anwani yake hakikupita kitu, si kwenye waya, si kwenye kitanzi. Ambwene alimwita kwa jina la baba, kisha kwa jina lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mzee akiwa hai.

Kibona aliinama juu ya skrini. "Mgeni hawezi kujinyamazisha," alisema. "Haijawahi kutokea. Jaribu kumwasha upya."

"Nikimwasha upya atarudi palepale na mkamwana wake."

Kibona alivua kofia, akaishika kifuani, akatoka.

Ambwene alivaa visikizi. "Tusa."

"Nipo." Alikuwa akilia. "Amepisha."

"Vipi? Amewezaje?"

"Alianza kuacha. Kimoja kimoja, kama mtu anayetua mizigo. Aliacha mashamba. Akawaacha ng'ombe, yule wa pembe alimchelewesha kidogo. Akaacha na kile alichokisikia kwangu, cha yule mtoto, nilikiona kikimtoka kabisa, akanirudishia. Alikuwa anafanya taratibu nisishtuke. Alipofika mwisho alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu ameking'ang'ania."

"Kitu gani?"

"Nilikisikia," Tusajigwe alisema. "Sitakuambia. Hakikuwa cha kusikiwa. Ni chake."

Faili lilikuwa bado wazi kwenye skrini, pembeni mwa kibanda. Tangu jana lilikuwa likihifadhi kila kilichopita kwenye kitanzi. Ambwene alikuwa amelisahau. Usiku mzima wa baba yake ulikuwa humo, mstari kwa mstari, mpaka ule wa mwisho. Ingemchukua kugusa kitufe kimoja. Alikuwa mwanawe wa kumzaa. Nani mwenye haki zaidi?

Alikaa akilitazama mpaka macho yakamwuma. Halafu alilifuta, akasimamisha na sikio lililokuwa kwenye kitanzi, maana sasa humo ndani ilikuwa ikizunguka sauti moja, sauti ya mwanamke anayemlilia mkwewe, naye Ambwene hakuwa amealikwa kuisikiliza.

"Nikuache?" alimwuliza.

"Niache kidogo. Nyumba ina msiba."

Alitoka nje. Ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye paa, na chini bondeni wachuma chai walisikika wakiitana bila kuonekana. Alipiga simu, akamsikia dada yake akiacha kazi na kusogea mbali na wenzake.

"Subilaga. Tata amefariki."

"Alishafariki, Ambwene."

"Amefariki leo."

Alingoja hasira. Alingoja amwulize alifanya nini na mashine zake, na alikuwa tayari kumjibu yote. Lakini msiba una desturi zake, na ulimi wa Subilaga ulizifuata wenyewe. Aliuliza kile ambacho watu wa kwao huuliza kwanza.

"Nani alikuwa naye?"

"Mkamwana wake."

Ambwene alisikia kikapu kikitua chini, majani yakimwagika, na dada yake akikaa.